Twiga Aitwaye Kijiko

Fomu ilikuwa na visanduku saba vya kuweka tiki, na maneno yote saba yalikuwa ya Kiingereza. Inspekta Kufuli alikuwa ameisoma mara nne tangu afungue ofisi asubuhi ile, na kila alipofika mwisho alibaki na swali lile lile: huyu mwizi wangu ni wa kisanduku kipi?

Jina la Kufuli alibandikwa na wenzake. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alishughulikia kesi za uvunjaji wa nyumba, na ukimsimamisha mbele ya mlango uliong'olewa alikutajia mvunjaji alitumia mkono gani na kama alikuwa na haraka. Miezi miwili iliyopita wakubwa walikaa, wakaona wezi wa siku hizi hawachafui viatu, wakamhamishia Dawati la Makosa ya Mtandao. Walimpa kompyuta na kiti cha kuzunguka. Kiti alikipenda siku ile ile. Na kompyuta walikuwa bado wanasalimiana kwa mbali.

Mbele yake alikaa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sare imenyooka kwa pasi lakini macho mekundu. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu kazini.

"Afande, mwisho ni saa kumi leo," alisema.

"Umeshaniambia mara tatu."

"Hii ni ya nne."

Alikuwa na haki ya kuhimiza. Mwezi uliopita alipata nafasi ya kusomea uuguzi wa upasuaji wa watoto katika chuo cha ng'ambo, mwaka mzima, nauli na malazi juu yao. Nafasi hiyo aliiomba miaka mitatu mfululizo. Kisha Jumatatu mchana barua ikatoka kwenye anwani yake ya barua pepe kwenda chuoni, ikisema haji. Si yeye aliyeiandika. Jumanne alipotaka kufungua barua zake, neno la siri likamkataa. Jumatano fundi wa mitandao wa hospitali akamfungulia, ndipo akaikuta barua ile miongoni mwa zilizotumwa, na juu yake jibu la chuo: tunasikitika, tunamwita anayefuata kwenye orodha. Alipiga simu akilia. Chuo kikamwambia, kama kweli uliingiliwa, tuletee maelezo ya polisi kwa Kiingereza, yaseme ni kosa gani na lilifanyikaje, kabla ya saa kumi jioni Alhamisi. Leo ndiyo Alhamisi, na saa ya ukutani ilionyesha tatu na nusu asubuhi.

Inspekta alivuta nakala ya barua. Kiingereza chake kilikuwa cha mahakamani, kinachojua kuapa na kuahirisha, kwa hiyo aliisoma polepole huku akijitafsiria moyoni. Wadi yetu ina vitanda thelathini. Ina wauguzi wawili tu wa chumba cha upasuaji. Mmoja akiondoka, anabaki mmoja. Kwa hiyo nafasi hii haitatumika. Ahsanteni kwa wema wenu.

"Haya ya vitanda na wauguzi ni kweli?"

"Kweli tupu. Ndiyo maana chuo waliamini."

Inspekta aliandika kwenye kijitabu chake: mwizi hasemi uongo. Akapiga mstari chini yake, maana mwizi wa namna hiyo hajapata kukutana naye.

"Sasa tuje kwenye mlango," alisema. "Aliingiaje?"

Muuguzi alitoa karatasi ya fundi. Fundi alieleza kwa ufupi. Hakuna aliyebahatisha neno la siri. Jumatatu, saa saba kasoro dakika mbili mchana, mtu alibonyeza pale panaposema umesahau. Mtandao ukamuuliza maswali matatu ya usalama: shule yako ya kwanza, mwalimu wako wa kwanza, mnyama wako wa kwanza wa kufuga. Akajibu yote matatu mara moja, bila kukosea hata herufi. Dakika kumi na mbili baadaye barua ikaondoka.

"Basi ni mtu wa ndani kwenu," Inspekta alisema. "Nani anajua shule yako ya kwanza?"

"Mtaa mzima."

"Na mwalimu wako wa kwanza?"

"Hao hao. Alikuwa jirani yetu."

"Nani kati yao hataki uondoke?"

Muuguzi alikunja leso, akaikunjua. "Kaka yangu. Tuligombana. Alisema nikienda nisirudi, maana namwachia yeye mama peke yake." Akasita. "Ana karakana ya kutengeneza kompyuta. Lakini, afande, kaka yangu hawezi."

Inspekta aliliandika hilo kijitabuni. Katika miaka kumi na tisa alikuwa amesikia "hawezi" mara nyingi kuliko "shikamoo".

"Majibu yenyewe ni yapi?"

"Siwezi kukuambia."

"Mimi ndiye polisi."

"Mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia, hasa polisi. Kuna watu hujifanya polisi."

Inspekta alimtolea kitambulisho, akakiweka mezani kati yao.

"Na kitambulisho pia alikitaja," muuguzi alisema kwa sauti ndogo.

Simu yake ililia mfukoni. Alisikiliza, akasimama: mgonjwa ameshalazwa kwenye meza ya upasuaji, anahitajika. Wakapatana haraka haraka wakiwa wamesimama. Aliandika majibu matatu kwenye karatasi, akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi na kutia saini juu ya maungio. Inspekta aliahidi kutoifungua mpaka ihitajike. Kwa saa nne zijazo simu ya muuguzi ingekuwa kabatini.

---

Karakana ya kaka mtu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, na juu ya meza kompyuta nne zilizofumuliwa matumbo. Skrubu zilipangwa kwenye vifuniko vya chupa kufuata ukubwa. Mtu mwangalifu, Inspekta alijisemea, na hakujua kama afurahi au asikitike.

Kaka mtu alimkaribisha kiti, akafuta mikono.

"Ni habari ya dada," alisema.

"Ni yeye. Jumatatu saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani alikuona?"

"Hizi." Alionyesha kompyuta. "Saa saba wateja huwa wanakula, afande."

"Unaweza kuingia kwenye barua za mtu bila kuwa na neno lake la siri?"

"Za wengine sijui. Za dada nilizifungua mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, hata maswali ya usalama nilimwekea mimi."

Loo. Mtu anajitia kitanzi mwenyewe, tena bila kuombwa. Alifungua kijitabu.

"Shule yake ya kwanza?"

"Shule ya msingi ya pale kwetu, nyuma ya zahanati."

"Mwalimu wake wa kwanza?"

"Mama mmoja mwembamba, alikuwa akitupigia filimbi tukichelewa. Tulimwita Bi Filimbi, hilo ndilo tuliloandika."

"Mnyama wa kwanza kufuga?"

"Kuku kilema. Alikuwa wake peke yake, alimlilia wiki nzima alipokufa."

Majibu yalitoka moja kwa moja kama mtu anayetaja watoto wake. Inspekta aliona kesi imekwisha, na hapo hapo akaona hapendi ilivyokwisha. Alitoa bahasha ya kaki, akavunja saini, akafungua karatasi.

Muuguzi alikuwa ameandika kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha darasa la tano, wala hakikuhitaji kamusi. Shule yake ya kwanza iliitwa Mlima wa Barafu. Mwalimu wake wa kwanza aliitwa Bibi Kitunguu. Mnyama wake wa kwanza alikuwa twiga, jina lake Kijiko.

Alisoma tena. Kisha akauliza, taratibu, "Kwenu mlipata kufuga twiga?"

Kaka mtu alimtazama kama anayemtafutia homa usoni. "Afande, sisi tulikuwa tunalala watano chumba kimoja. Twiga angelala wapi?"

"Kijiko je? Jina la Kijiko unalijua?"

"Cha kulia uji."

Inspekta aliiweka karatasi mezani, akaegemea. Yule aliyeingia Jumatatu alijibu twiga mara ya kwanza. Huyu hapa angejibu kuku, na mlango ungemkatalia. Kilichomfanya aonekane mwenye hatia ndicho kilichomsafisha: alimjua dada yake mno.

"Dada yako amebadilisha majibu," alisema.

"Itakuwa lile darasa lake. Tangu aanze Kiingereza cha Jumamosi kila siku ananiletea maneno ya ajabu. Juzi kaniambia mimi ni hatari kwa usalama wake kwa sababu najua jina la kuku." Alichukua skrubu moja, akairudisha kwenye kifuniko chake. "Nilimwambia maneno mabaya siku ile. Nilikuwa na hasira tu. Kesho yake nikaenda sokoni."

Kwa kidevu alionyesha pembeni. Nyuma ya mlango lilisimama sanduku la safari, jipya, la magurudumu, karatasi ya dukani bado imening'inia kwenye mshiko.

"Usimwambie," alisema. "Nataka nimpe mwenyewe."

Inspekta aliahidi. Siku hiyo alikuwa ameshaahidi mengi.

---

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la kutoa fotokopi, na mashine ilinguruma chini ya sakafu kama paka mkubwa. Siku za wiki Mwalimu alilitumia kusahihishia. Alikuwa mtu mzima mwenye suruali iliyoshikwa na mikanda ya mabegani na chaki kila mfuko. Kozi aliitunga mwenyewe, alisema kwa fahari, baada ya watu wa hospitali, benki na hoteli kumjia wakilalamika: wanaletewa barua za kitapeli kwa Kiingereza, wakienda kushtaki hawana maneno. Kiingereza cha kuzungumzia uhalifu wa mtandao. Wanafunzi kumi na wawili, wiki kumi.

Ubaoni maneno ya Jumamosi yalikuwa bado hayajafutwa. Inspekta alisimama mbele yake mikono nyuma, na kwa kweli alisahau kidogo kilichomleta. Saba kati yake ndiyo yale yale ya kwenye fomu yake.

"Hili la kwanza, hacking. Linasemaje?"

"Ni mtu kuingia kwa ufundi. Anatafuta udhaifu wa mfumo, anapita."

"Anavunja mlango."

"Ndiyo, mlango."

"Na phishing?"

"Hapo hakuna ufundi. Anakuandikia akijifanya benki, wewe unampa neno la siri mwenyewe."

"Anabisha hodi akijifanya fundi wa bomba, mwenye nyumba anamfungulia." Inspekta aliandika. Maneno yalianza kumkalia vizuri kichwani, na alifurahi kama aliyepata funguo za ofisi. "Sasa niambie. Mtu ambaye hakuvunja, wala hakudanganya mtu afungue. Ufunguo alipewa mkononi, kwa jambo jingine kabisa. Siku moja akautumia kuingia pasipo kuitwa. Huyo yuko wapi hapa ubaoni?"

Mwalimu alipeleka kidole mstari wa sita. "Unauthorised access. Kuingia bila idhini. Halina makeke, ndiyo maana wanafunzi hulisahau."

Inspekta alilinakili herufi kwa herufi. Kisha akageuka.

"Kijiko ni nani?"

Uso wa Mwalimu ulichanua. "Yule twiga. Darasa zima lilivunjika mbavu. Hilo lilikuwa somo la tano, maswali ya usalama. Niliwaambia, msiweke majibu ya kweli, majibu ya kweli wanayajua mashangazi zenu wote. Tungeni. Basi wakatunga, wakakaa wawili wawili, huyu anauliza, yule anajibu, kwa sauti kubwa, mpaka matamshi yakae sawa."

"Kwa sauti kubwa."

"Lugha haiji kwa kunong'ona."

"Na kazi ya nyumbani?"

"Wakaweke majibu hayo mapya kwenye..." Mwalimu alinyamaza. Alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Mwalimu wangu," Inspekta alisema kwa upole, kwa sababu alimwonea huruma kweli, "uliwafundisha watu kuficha ufunguo, kisha ukawapigisha kelele mpaka wakautamka vizuri."

"Niliwaza matamshi tu," Mwalimu alisema. "Mungu wangu, niliwaza matamshi tu."

Akaketi. Inspekta akaendelea. Nani alisikia? Twiga alisikika na wote, kwa sababu ya kicheko. Shule na mwalimu je? Hapana, watu kumi na wawili wakisema kwa pamoja humsikii ila wa dawati lako. Lakini utaratibu wake, Mwalimu alieleza huku sauti ikizidi kupungua, ni kwamba mwanafunzi haandiki majibu yake mwenyewe. Anaandika ya mwenzake, ili kupima kama amesikia. Kisha daftari zinakuja kusahihishwa.

"Kwa hiyo kila daftari lina siri za mtu mwingine. Na wewe umezisoma zote."

"Nimezisoma."

"Jumatatu saa saba mchana?"

"Nilikuwa benki, nafundisha wafanyakazi wao. Simu zetu zote hukusanywa kwenye kikapu cha mlinzi, anaandika jina na saa. Nenda kaangalie."

Inspekta angekwenda, lakini si sasa. "Daftari ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye rafu, zimefungwa kwa mpira. Alizihesabu mara mbili. Kumi na moja.

"Moja liko kwa mwenyewe," Mwalimu alisema. "Aliliomba Jumamosi, akasema anataka kupitia masomo."

Inspekta hakuuliza la nani. Alitafuta la muuguzi, akafungua somo la tano. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wa kulala, muuguzi alikuwa ameandika cheo cha mwenzake wa dawati: Sista Mkuu wa wadi yetu. Chini yake majibu matatu, na la tatu lilimfanya Inspekta alete daftari karibu na dirisha. Sikufuga mnyama. Nililea wadogo zangu sita.

"Huyu hakutunga," alisema.

"Sista? Nilimbembeleza. Nikamwambia ni mchezo tu, sema hata simba. Akaniambia yeye hasemi uongo kwa lugha yoyote, na hiki Kiingereza ndicho kwanza anakianza, hataki kukianzia na uongo." Mwalimu alitikisa kichwa. "Ni mwanafunzi wangu bora. Sentensi zake fupi, hazina kosa."

Inspekta alitoa tena nakala ya barua ya Jumatatu. Vitanda thelathini. Wauguzi wawili. Sentensi fupi, hazina kosa, na kila moja ya kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, jina lililowekwa chini. Aliikunja nakala polepole, maana alikuwa ameshaanza kumpenda mwandishi wa barua ile.

---

Saa tisa na robo alibisha ofisini kwa Sista Mkuu. Kilikuwa chumba chembamba, funguo zimetundikwa kwenye misumari yenye namba, na ukuta mzima umechukuliwa na ratiba ya zamu. Sista alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, saa imebandikwa kifuani, miguu imevimba kwenye viatu vya kazi. Muuguzi alikuwa bado ndani na mgonjwa wa asubuhi, operesheni ilirefuka.

"Karibu, Inspekta. Nilijua utakuja, sikujua saa."

Kwa kawaida Inspekta alizunguka mbali. Aliuliza habari za kazi, za nyumbani, za hali ya hewa, mpaka mtu akajikwaa mwenyewe. Leo hapakuwa na muda, na wala hapakuwa na haja.

"Uliingia kwenye barua za muuguzi wako Jumatatu?"

"Niliingia."

"Ukaandika kwamba haendi?"

"Niliandika mimi." Sista alifungua droo, akatoa daftari, akalisogeza mbele. "Somo la tano."

Inspekta alilifungua. Mlima wa Barafu. Bibi Kitunguu. Twiga, jina lake Kijiko. Mwandiko ulikuwa ule wa kwenye kadi za wagonjwa, wima, unaosomeka hata gizani.

"Kwa nini?"

"Tazama ukutani."

Aliitazama ratiba. Safu za wauguzi wa upasuaji zilikuwa nne. Mbili zilikwisha kupigwa mstari, mmoja amehama, mwingine amejifungua mapacha. Zilibaki ya muuguzi na ya Sista mwenyewe, mchana na usiku, usiku na mchana.

"Barua ya kumsifia chuoni niliandika mimi," Sista alisema. "Niliandika ukweli, kwamba sijapata kuona mikono kama ile. Sikufikiri watanisikiliza. Jumatatu nilitoka kupoteza mgonjwa kwa sababu mimi nilikuwa meza ya kwanza na hapakuwa na mtu wa meza ya pili, yeye alikuwa zamu ya mapumziko. Nilikaa hapa kula, nikashindwa kula. Simu ilikuwa mkononi." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. "Sitafuti huruma. Umeniuliza."

Inspekta alitoa fomu. Saa tisa na dakika ishirini na tano. "Chuo wanataka maelezo ya polisi kwa Kiingereza kabla ya saa kumi. Kosa nimelipata. Maelezo ya jinsi lilivyofanyika sijui kuyaandika kwa Kiingereza kisichotia shaka."

Sista alinyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Aliandika bila kufuta hata neno. Mimi, Sista Mkuu wa wadi, niliingia katika barua za mwenzangu bila idhini yake. Majibu yake niliyajua kwa sababu tulisoma dawati moja. Barua ya Jumatatu ni yangu, si yake. Yeye hakujua. Anataka kuja, na anafaa kuliko mtu yeyote niliyemfundisha. Akatia saini jina lake na cheo, safari hii la kwake.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alisimama pale, barakoa imening'inia shingoni, alama ya kofia kwenye paji la uso. Aliona polisi, akaona daftari, akaona mwandiko. Alisoma akiwa amesimama, mara moja, kisha mara ya pili midomo ikicheza.

"Ungenisemesha, Sista," alisema mwishowe.

"Ningekusemesha ungebaki."

"Ningebaki."

"Ndiyo sababu. Ungebaki, na kila ukinitazama ungekuwa unahesabu ulichokosa kwa ajili yangu." Sista aliinua uso. "Nikaona afadhali udhani ni bahati mbaya. Nilikosea. Nimekukosea sana, mwanangu."

Muuguzi aliketi juu ya ukingo wa meza. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Akichukuliwa yeye," alimwambia Inspekta, "na mimi nikienda, ndani kule anabaki nani?"

Swali hilo Inspekta alikuwa amejiuliza tangu aitazame ratiba, na lilimuuma. "Hilo lipeleke kwa mganga mkuu, na mimi nitakwenda nawe kulisema. Halikuwa lako kulibeba, wala lake. Saa inakimbia, mdogo wangu. Nitume au nisitume?"

Muuguzi aliutazama ukuta wa ratiba. Inspekta akavunja ahadi yake moja.

"Kaka yako amekununulia sanduku la safari. Liko nyuma ya mlango wa karakana. Alitaka akupe mwenyewe."

Muuguzi alimtazama. Kisha akageuka kumtazama Sista, na Sista akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya mtu wa pili mezani akiambiwa kata uzi.

"Tuma," muuguzi alisema.

Saa kumi kasoro dakika kumi na moja, kwenye kompyuta ya wadi, Inspekta Kufuli aliweka tiki kwenye kisanduku cha sita, akapiga picha fomu na maelezo, akabonyeza kwa kidole kimoja. Jibu lilikuja kabla hajavua miwani. Muuguzi alilisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili Inspekta asikie vizuri: yamepokelewa, nafasi yako ipo.

Hakuna aliyepata nafasi ya kushangilia. Kengele ya ukutani ililia mara mbili, na daktari akachungulia mlangoni: mtoto wa miaka minne, utumbo umejikunja, wanampandisha sasa hivi, mnahitajika wote wawili.

Wauguzi wawili walisimama kwa pamoja. Sista alipofika mlangoni alisita, akamgeukia Inspekta, mikono mbele kidogo, kama anayeuliza kama ivikwe pingu au glavu.

"Nenda," Inspekta alisema. "Nitakaa hapa."

Aliwaona kupitia kioo wakinawa kwenye sinki moja refu, maji mpaka viwiko, hawasemeshani. Muuguzi alimaliza kwanza. Akamfunga Sista kamba za barakoa nyuma ya kichwa, akaingia.

Inspekta alihamia kwenye benchi la korido. Saa kumi na moja simu yake ililia, mkuu wake wa kituo akitaka kujua kesi ya chuo imefikia wapi.

"Imekamilika, mkuu. Mtuhumiwa amekiri kwa maandishi."

"Umemkamata? Yuko wapi?"

Inspekta aliitazama taa nyekundu juu ya mlango.

"Yuko kazini," alisema. "Akimaliza tutakuja wote."